Kifaransa hakimshushi mtoto divisheni

Matokeo ya kidato cha pili yakishatoka, kwenye vikao vya wazazi Nyamagana na Ilemela hapa Mwanza ombi ni lilelile: "Mwalimu, mtoe kwenye Kifaransa, kitamshusha divisheni." Tupige hesabu basi, maana wengi wanaogopa kitu ambacho hawajawahi kukikokotoa.

Kidato cha nne, Baraza la Mitihani (NECTA) linahesabu masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Divisheni ya kwanza ni pointi 7 hadi 17, ya pili 18 hadi 21, ya tatu 22 hadi 25. Chukua mtoto mwenye C tano na D mbili: 15 na 8, pointi 23, divisheni ya tatu. Mwongezee Kifaransa kiwe somo la nane, apate F. Bado ni 23, ile F haiguswi. Sasa apate B. B inaingia kwenye saba bora, D moja inatoka: pointi 21, divisheni ya pili. Somo la nane ama linapandisha, ama linakaa pembeni. Linaumiza pale tu mtoto aliposajiliwa masomo saba kamili na Kifaransa kikiwemo. Hapo kagueni fomu ya usajili, msilaumu lugha.

Wakibanwa hapo wanahamia kwenye muda. Vipindi vitatu vya dakika 40 ni saa mbili kwa wiki. Kwa wiki 38 za masomo ni saa 76 kwa mwaka, 304 kwa miaka minne. Kwa ngazi za lugha za Ulaya, kufika A2, ngazi ya msingi, huchukua kama saa 180 hadi 200 za darasani, na B1, ngazi ya kujitegemea, saa 350 hadi 400. Anayeacha mwisho wa kidato cha pili ana saa 152: anajua salamu, tarehe na kujitambulisha, na hivyo navyo vitamtoka upesi. Saa 152 zimeliwa bure, na HLF na KLF, tahasusi za kidato cha tano zenye Kifaransa, azisahau. Ndiyo maana nashikilia kwamba lugha moja ya kigeni iwe sharti la kumaliza kidato cha nne, mkondo wa sayansi ukiwemo. Ratiba ikibana, somo la hiari ndilo la kwanza kunyang'anywa vipindi. Likiwa sharti, mkuu wa shule atatafuta mwalimu.

"Kiingereza chenyewe kinamshinda, atachanganyikiwa." Mtoto wa Magu au Misungwi amefika shuleni na Kisukuma na Kiswahili kichwani, wala hakuchanganyikiwa. Tena Kifaransa kina mahali kinapomfaa kuliko Kiingereza: "namwona" ni "je le vois", shamirisho linatangulia kitenzi kote kuwili. Aliyezoea upatanisho wa ngeli hashtushwi na kivumishi kinachobadilika kufuata jinsi ya nomino. Kinachomsumbua kweli ni ile u ya "tu", anaitamka kama "tout". Dawa: weka midomo kama unasema u, usiisogeze, kisha sema i. Dakika tano kila kipindi, siyo mara moja kwa muhula.

"Bora Kichina, ndiko kwenye pesa." Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani inakadiria saa 2,200 za darasa kwa Kichina na kama 750 kwa Kifaransa, kwa mzungumzaji wa Kiingereza. Gawanyeni kwa saa mbili za wiki. Shule yenye mwalimu wa Kichina wa kudumu, sawa. Kama mwalimu ana mkataba wa mwaka mmoja, msianze.

"Mwanza ataongea na nani?" Na watalii wanaoingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, kwa kuanzia. Mfanyabiashara wa Kongo mtaelewana naye kwa Kiswahili, lakini karatasi za serikali yake ni za Kifaransa, na Kongo imo Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022.

"Simu inatafsiri." Chumba cha mtihani haingii na simu. Nyumbani itumike kwa Journal en français facile ya RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa: habari za dakika kumi zenye maandishi yake kwenye intaneti. Asikilize mara mbili bila maandishi, mara ya tatu aandike sentensi tano kwa imla, ndipo afungue maandishi na kujisahihisha. Sauti tupu haili bando kama video.