Sanaa ya chuma ya Haiti: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wengi wanaowaona nguva (nusu mtu, nusu samaki), ndege na miti ya chuma cheusi katika maduka ya zawadi ya Karibi huamini kwamba ufundi huo ulifika kutoka Afrika ukiwa umekamilika, pamoja na mababu waliouzwa utumwani. Ni kweli kwamba Ogou, roho wa chuma katika dini ya Vodou, ana asili ya Afrika Magharibi, lakini sanaa yenyewe ni ya juzijuzi na aliyeianzisha anajulikana. Georges Liautaud, mhunzi wa mji wa Croix-des-Bouquets nchini Haiti aliyezaliwa mwaka 1899, alikuwa akifua misalaba ya makaburini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 misalaba hiyo ilimvutia DeWitt Peters, Mmarekani aliyeshiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Centre d'Art katika mji mkuu, Port-au-Prince, mwaka 1944, naye akamhimiza atengeneze sanamu.

Dhana inayowadhulumu mafundi zaidi ni kwamba, kwa kuwa malighafi ni mapipa chakavu ya mafuta, basi kazi ni ya kubahatisha au hukatwa kwa mashine. Ukweli ni kwamba pipa hukatwa mifuniko yake miwili, hujazwa majani makavu ya migomba au ya miwa, kisha huchomwa moto hadi rangi na mabaki ya mafuta yateketee. Likishapoa hupasuliwa ubavuni, hukanyagwa na kugongwa mpaka liwe bamba bapa, ndipo fundi huchora kwa chaki na kufuata mstari huo kwa nyundo na tindo, pigo baada ya pigo. Kingo hulainishwa kwa tupa, na maungo ya sura hutokezwa kwa kugonga bamba kutoka nyuma. Tindo ikipotea njia, kufuta hakuna.

Wapo pia wanaoziogopa picha hizi wakidai ni za uchawi. Nguva huyo kwa kawaida ni Lasirèn, roho wa bahari katika Vodou, dini ambayo serikali ya Haiti iliitambua rasmi mwaka 2003. Na kazi nyingine nyingi huonyesha tu ndege, miti na maisha ya shambani.

Kuhusu madai kwamba hizi ni bidhaa zisizo na mwenyewe, Serge Jolimeau na Gabriel Bien-Aimé ni wasanii wanaofahamika nje ya Haiti, na mafundi wengi hugonga majina yao pembeni mwa bamba kwa tindo ileile.