Gharama ya umiliki wa seva: Windows, Linux na tarehe ya mwisho

Gharama ya umiliki ni jumla ya fedha zote zinazokutoka kwa ajili ya kitu, tangu siku ya kukinunua hadi siku ya kukitupa. Kwa seva ya ofisi, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine, humo mna leseni ya mfumo endeshi (programu kuu inayoendesha mashine, kama Windows au Linux), mashine yenyewe, umeme na kiyoyozi, malipo ya anayeihudumia, bakapu, na hasara ya siku ambazo watu wamekaa wanatazamana kwa sababu mfumo haupatikani. Kampuni ya utafiti ya Gartner ya Marekani ndiyo iliyoieneza dhana hii katika mambo ya kompyuta mwaka 1987. Tangu hapo kila muuzaji huitumia kuthibitisha kuwa bidhaa yake ndiyo nafuu. Katikati ya miaka ya 2000 Microsoft iliendesha kampeni nzima ikidai kwamba Linux, pamoja na kutolewa bure, humgharimu mteja zaidi. Watu wa Linux walicheka sana, ingawa hoja kwamba fundi wa Linux hutaka mshahara mkubwa zaidi haikuwa ya kuchekwa.

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, mji umejaa ofisi ndogo zenye seva zao: Saccos, zahanati binafsi, kampuni za ushauri, shule. Swali linaloulizwa ni lile lile: Windows au Linux, ipi salama na ipi nafuu? Kwangu mimi hilo ni swali moja. Mfumo usiozibwa mianya ya usalama ni deni ambalo bado hujaletewa ankara yake.

Tuanze na profoma, karatasi ya bei unayopewa kabla ya kununua. Windows Server, yaani Windows ya seva, haiuzwi kwa mashine, inauzwa kwa kori, vile vitengo vya kufanyia kazi vilivyomo ndani ya prosesa. Kila seva hulipiwa kori zisizopungua 16, na kila prosesa zisizopungua 8, hata kama unazo chache kuliko hizo. Bei ya orodha ya toleo la 2022 ilikuwa dola 1,069 kwa daraja la kawaida, Standard, la kori 16, na dola 6,155 kwa daraja la juu, Datacenter. Sasa chukua Saccos iliyouziwa seva yenye prosesa mbili za kori 12 kila moja, kwa sababu muuzaji alisema "hii ina nguvu". Hizo ni kori 24, kwa hiyo Standard inapanda hadi kama mara moja na nusu ya bei ile, kabla ya kodi, wakati kazi ya Saccos hiyo ingetoshwa na prosesa moja.

Halafu inakuja leseni ambayo wengi hawaijui mpaka wakaguliwe: kila mtu au kila kifaa kinachotumia seva hiyo kinahitaji leseni yake. Hapa ndipo pa kupigia hesabu. Zahanati yenye wafanyakazi 30 wanaopokezana kompyuta 8 kwa zamu inunue leseni 8 za vifaa, siyo 30 za watu. Ofisi ambayo kila mtu ana laptopu, kompyuta ya mezani na simu, ifanye kinyume chake. Muuzaji asipokuuliza mnafanya kazi kwa zamu au la, hajakupigia hesabu, amekunakilia ya mteja aliyepita.

Upande wa Linux safu ya leseni inaweza kuwa sifuri kabisa. Debian, Ubuntu, Rocky na AlmaLinux, ambazo zote ni aina za Linux, unapakua, unaweka, humlipi mtu. Kampuni ya Red Hat, yenye Linux yake, inauza huduma ya msaada kwa mwaka, na taasisi kubwa huilipia ili pawe na mtu wa kumpigia simu saa nane za usiku. Lakini ng'ombe wa kupewa naye anakula. Atakayeihudumia Linux yako lazima awe anaijua, na Dodoma vijana hao wapo, Chuo Kikuu cha Dodoma kinawatoa kila mwaka. Tatizo ni kwamba ofisi ndogo humchukua mmoja kwa kibarua cha wiki, akaweka kila kitu vizuri, akaondoka na paswedi kichwani. Kwa Windows, fundi wa mtaani atakayeweza angalau kubonyeza pale panapobonyezwa hakosekani. Hiyo nayo ni fedha, ingawa haiandikwi kwenye profoma.

Mifumo yote miwili ina kitu kimoja ambacho hakionekani kwenye rafu ya duka: tarehe ya mwisho wa kusahihishwa, yaani siku ambayo mtengenezaji anaacha kutoa viraka, masahihisho ya kuziba mianya. Windows Server 2012 ilikoma kupata masahihisho ya kawaida tarehe 10 Oktoba 2023. Baada ya hapo aliyetaka kuendelea ilimbidi ayalipie ya ziada. Linux nayo isikudanganye. Desemba 2020 Red Hat ilitangaza kwamba CentOS 8, Linux ya bure iliyofanana na yake ya kulipia na iliyokuwa inatarajiwa kudumu hadi 2029, ingekoma mwisho wa 2021. Waliopanga bajeti ya miaka tisa wakajikuta na mwaka mmoja. Rocky na AlmaLinux zilizaliwa kutokana na kisa hicho. Ubuntu yenye alama ya LTS, yaani toleo la kudumu muda mrefu, husahihishwa bure kwa miaka mitano; Debian hufikia mitano pia, miwili ya mwisho ikibebwa na kundi jingine la wahudumu.

Usalama wenyewe je? Utaona watu wakilinganisha idadi ya mianya iliyosajiliwa, huu una elfu kadhaa, ule mia kadhaa. Achana na hesabu hizo. Februari 2024 watunzaji wa kiini cha Linux (kernel, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo) walianza kusajili mianya yao wenyewe, nao husajili karibu kila kosa linaloweza kuwa na madhara, kwa hiyo idadi ikaruka ghafla bila Linux kuwa mbovu kuliko jana yake. Cha kutazama ni muda unaopita kati ya kiraka kutoka na kiraka kuwekwa kwenye mashine yako wewe.

Virusi vya WannaCry vilivyofunga mafaili na kudai fidia dunia nzima vilianza tarehe 12 Mei 2017. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha mwanya ule tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Walioumia wengi hawakukosa dawa, walikuwa nayo hawajainywa. Upande wa pili, Machi 2024 iligundulika kwamba kuna mtu aliyepandikiza mlango wa siri ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumiwa na Linux nyingi. Aliyeugundua, Andres Freund, alishangaa tu kwa nini kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia ya kuingilia seva kutoka mbali, kumechelewa kama nusu sekunde. Mhandisi huyo ni wa Microsoft, jambo ambalo mashabiki wa pande zote mbili hawapendi kulikumbusha.

Viraka vya Windows hutoka kila Jumanne ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu hiyo ni saa mbili au saa tatu usiku, kutegemea majira ya kule. Kwa hiyo mtu wa TEHAMA wa Dodoma anaweza kuvijaribu Jumatano kwenye mashine isiyo na kazi, akaviweka mwisho wa wiki na kuiwasha seva upya. Linux haina siku maalumu, viraka huja vikiwa tayari, na Ubuntu inaweza kujiwekea vya usalama yenyewe. Ila kiraka cha kiini kwa kawaida hakifanyi kazi mpaka mashine iwashwe upya. Ukimsikia mtu anajivuna kuwa Linux yake haijazimwa siku 600, muulize basi kiini chake ni cha lini.

Anayedhani ofisi yake ni ndogo mno kutafutwa na wadukuzi aingie kwenye seva ya Ubuntu inayofikika moja kwa moja kutoka intaneti kwa SSH ya paswedi, aandike:

sudo grep "Failed password" /var/log/auth.log

Itashuka mistari kwa mistari ya watu, kwa kweli ni mashine, wanaojaribu kuingia kwa majina kama root, admin na test. Kwenye Windows, jaribio la kuingia lililoshindwa huandikwa kwenye kumbukumbu za usalama kwa namba 4625. Ukiiachia wazi kwa intaneti bandari ya 3389, mlango wa kuingilia Windows kutoka mbali, utaziona zikijaa. Hawajui wewe ni nani, wanagonga kila mlango.

Njia ya tatu, ambayo nayo imeenea, ni Windows ya kukraki, yaani iliyovunjwa kufuli ya leseni ili itumike bila kulipiwa. Hii ndiyo ghali kuliko zote. Kikrakio, programu ya kuvunja kufuli hiyo, kwa kawaida kinakutaka uzime antivairasi kwanza, yaani unamfungulia geti mtu usiyemjua na kumpa funguo za msimamizi. Saccos ina majina, namba za simu na mikopo ya wanachama, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde.

Mara nyingi uchaguzi unaamuliwa na programu kabla ya wewe kuamua. Mhasibu anayetumia Tally, programu ya uhasibu, anahitaji Windows, na kumlazimisha Linux ni kujitafutia ugomvi. Tovuti, barua pepe na bakapu zitakaa Debian bila shida. Mafaili ya pamoja yanaweza kukaa Linux kwa Samba, programu ya kushirikiana mafaili na Windows, na kompyuta za Windows zikayaona kama kawaida, kwa hiyo kuchanganya kunawezekana na mara nyingi ndiko kunakotoka nafuu.

Kuhusu vumbi na joto la Dodoma, mfumo endeshi hauna la kufanya. Feni isafishwe, seva isikae sakafuni.

Kwenye profoma, mbali na bei, dai safu mbili: tarehe ambayo toleo hilo linaacha kusahihishwa, na jina la atakayeweka viraka. Windows Server 2016 bado inauzwa pamoja na mashine zilizotumika, na masahihisho yake ya kawaida yanakoma tarehe 12 Januari 2027. Ukiikuta imepangiwa bajeti ya miaka mitano, irudishe kwa muuzaji aipige hesabu upya kwa toleo la 2022, ambalo linasahihishwa hadi Oktoba 2031, au la 2025.