Pilipili haiunguzi ulimi

Jioni pale Forodhani, Zanzibar, mtu akizidisha pilipili kwenye urojo utamsikia: "Jamani, ulimi umeungua!" Haujaungua. Urojo ukiwa umepoa kabisa, pilipili itawasha vilevile.

Kwenye utando wa seli za neva za maumivu mna protini iitwayo TRPV1. Ni mlango mdogo, aghalabu umefungwa. Joto likifika nyuzi 43 hivi hufunguka, chembe za kalisiamu na sodiamu zenye chaji huingia ndani, na neva hupeleka habari ubongoni: moto! Kapsaisini, kemikali inayoipa pilipili ukali wake, hujipachika kwenye mlango huohuo ikaufungua bila moto wowote. Ubongo haujui nani kapiga hodi. Mwanasayansi David Julius na wenzake waliutambua mlango huu mwaka 1997; Tuzo ya Nobel Julius aliipata 2021. Ndege nao wanao, ila wao kapsaisini haiwafungulii, ndiyo maana hudonoa pilipili mbivu raha mustarehe.

Na yale maji baridi tunayoyakimbilia? Huliwaza kidogo tu, maana kapsaisini haiyeyuki vizuri majini. Maziwa yana nafuu zaidi. Mimi huomba pilipili iwekwe pembeni.