Jamani acheni kupiga msasa bunduki ya babu

Wiki hii tena kaja jamaa nimkagulie thamani ya Mauser ya babu yake, Gewehr 98, bunduki ya jeshi la Mjerumani, kibali anacho, halafu ananiambia kwa furaha kabisa "nimekusafishia". Kumbe alifungua kitako cha mbao akakipeleka Keko kwa mafundi makabati, wakakipiga msasa na vanishi, chuma akakisugua mwenyewe kwa brashi ya waya mpaka kikawa cheupe. Iliniuma sana.

Kwamba iking'aa ndo bei inapanda? Ni kinyume kabisa. Ile mihuri midogo yenye taji iliyogongwa kwenye mbao na wakaguzi wa kiwandani ndo ushahidi kwamba mbao na chuma vimetoka pamoja, ukishapiga msasa muhuri umeondoka na haurudi, na namba za kwenye chuma zinalika kingo mpaka siwezi kukwambia ziligongwa kiwandani Spandau, Ujerumani, au ziligongwa juzi. Kwenye Mauser mi naangalia namba nzima kwenye mtutu, halafu tarakimu 2 za mwisho kwenye vipande vidogo vidogo, hadi skrubu. Zikitofautiana sio lazima iwe feki, jeshini walikuwa wanabadilisha vipuri, ila thamani inashuka. Sasa we umefuta zote naangalia nini?

Kitambaa kikavu na mafuta mepesi kidogo kwenye chuma, inatosha. Na usiihifadhi kwenye ala ya ngozi, ngozi inashika unyevu na hewa ya Dar ina chumvi, utaikuta imeota kutu.

Na maneno mengine ninayoambiwa kila siku:

"Bunduki zote za zamani ni za Mjerumani." Hapana, nyingi ninazoletewa ni Lee-Enfield za Mwingereza, cheki upande wa kulia nyuma ya boliti (komeo la kukokea risasi) utaona taji, herufi GR (za mfalme George) na mwaka. Na 1914 askari wengi wa Mjerumani hapa Afrika Mashariki walianza vita na Mauser ya 1871, ya risasi moja moja, milimita 11, yenye moshi mwingi.

"Nje safi, ndani safi." Praima (viwashio vya risasi) za zamani ziliacha chumvi ndani ya mtutu, toa boliti umulike tochi utaona mashimo ya kutu.

"Ina zebaki imefichwa ndani." HAINA. Nishaletewa kitako cha walnuti cha miaka zaidi ya 100 kimepasuliwa katikati kwa ajili ya huo uongo.

"Ya urithi haihitaji kibali." Inahitaji, anzia polisi, bila karatasi mi siigusi.