Kiwambo kimoja cha kuzuia sauti kwa bunduki na bastola: maana yake

Msomaji wa riwaya za kijasusi za Kiswahili analijua neno hili tangu zamani. Muuaji anatoa bastola iliyofungwa kiwambo cha kuzuia sauti, inasikika "chup!", mtu anaanguka, na aliyelala chumba cha pili hata hageuki kitandani. Picha hiyo imetukaa kichwani kiasi kwamba ukiwasikia Wamarekani wanajadiliana wanunue kiwambo gani kitakachotosha bunduki zao na bastola zao kwa pamoja, unaweza kushtuka. Wengi wao wanawinda kulungu na nguruwe pori, au wanapiga shabaha za karatasi mwisho wa wiki, na wanachokilinda ni masikio yao.

Kiwambo ni mkebe wa chuma unaofungwa kwenye mdomo wa mtutu. Ndani yake mna vikingo vilivyopangwa kimoja baada ya kingine, kila kimoja na tundu katikati pa kupitia risasi. Baruti ikiungua inageuka gesi yenye moto na shinikizo kubwa, na gesi hiyo ndiyo inayoisukuma risasi. Risasi ikishatoka, gesi inafumka nyuma yake kwa ghafla; ndio mlipuko tunaousikia. Kiwambo kinaipa gesi nafasi ya kutanuka, kuzungukazunguka na kupoa kabla haijafika nje. Fundi wa magari ataelewa mara moja, maana sailensa ya ekzosi inafanya kazi hiyohiyo. Hata Hiram Percy Maxim, Mmarekani aliyepata hataza ya kiwambo chake mwaka 1909, alishughulika pia na kupunguza kelele za injini. Baba yake, Hiram Maxim, ndiye aliyebuni bunduki ya rashasha ambayo wazee wetu waliiita bombomu, silaha ya aina ileile Wajerumani waliyowamiminia wapiganaji wa Maji Maji pale Mahenge mwaka 1905. Baba alitengeneza kelele, mwana akatafuta namna ya kuipunguza.

Sasa tuiondoe ile "chup!" ya riwayani. Mlio wa bunduki kubwa unapita desibeli 160 mdomoni mwa mtutu, na sauti ya ghafla inayofika 140 inatosha kuumiza sikio moja kwa moja. Kiwambo kizuri kinapunguza kama desibeli 20 hadi 30 na ushei. Piga hesabu: unabaki jirani na ile 140. Kinachobaki ni kishindo, mtu aliye upande wa pili wa shamba atakisikia vizuri, na mwenye busara bado anavaa kinga ya masikio. Tena kiwambo kinashika gesi tu. Risasi inayokwenda kasi kuliko sauti, yaani zaidi ya mita 340 hivi kwa sekunde, inapasua hewa kwa mlio wake yenyewe njia nzima. Risasi ya bunduki ya .223 (namba za namna hii ni upana wa risasi kwa sehemu za inchi) inatoka kwa mita 900 na zaidi. Hapo hakuna kiwambo kitakachosaidia. Risasi nzito ya bastola ya milimita 9, ile ya greni 147 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), inakwenda kama mita 300, na ndiyo maana bastola huwa tulivu zaidi ikifungwa kiwambo.

Kwa nini basi mtu atake kimoja cha kote kote? Sababu kubwa ilikuwa sheria. Tangu mwaka 1934 Marekani iliviweka viwambo kwenye Sheria ya Taifa ya Silaha, na kila kimoja kililipiwa kodi ya dola 200, mbali na alama za vidole, fomu za ATF, idara ya serikali inayosimamia silaha, na kusubiri ambako kwa miaka mingi kulihesabiwa kwa miezi. Ukilipa mara moja na kusubiri mara moja, unatamani kitu hicho kikufae kwenye kila silaha uliyo nayo.

Swali la kwanza ni tundu. Risasi pana ndiyo inayoamua. Risasi ya .223 ina upana wa milimita 5.7, ya .308 ina 7.8, ya bastola ya milimita 9 ni 9 kweli, na ya .45 ni 11.5. Nyembamba itapita kwenye tundu pana bila shida, pana haitapita kwenye tundu jembamba. Kwa hiyo kiwambo cha pamoja lazima kipimwe kwa bastola, maana mara nyingi ndiyo yenye risasi pana. Lakini tundu pana lina gharama yake. Linganisha .45 na .223: upana umezidi mara mbili, eneo la duara limezidi mara nne. Gesi inayoizunguka risasi nyembamba inaona mlango mpana mbele yake na kutoka upesi kabla haijapoa, kwa hiyo bunduki yako itapiga kelele zaidi ya ile ya mwenzako mwenye kiwambo cha saizi yake. Ndiyo sababu nasema mtu ambaye bastola yake ni ya milimita 9 asinunue tundu la .45 kwa kudhani ipo siku atahitaji. Kiwambo cha Omega 36M cha kampuni ya SilencerCo, kwa mfano,  ilitengenezwa kwa hesabu ya tundu la milimita 9, na Hybrid 46M kwa hesabu ya .45. Hivyo ni viwambo viwili tofauti kwa watu wawili tofauti.

Swali la pili ni nguvu ya chuma, na hapa mambo yanageuka: bunduki ndiyo inayoamua. Ndani ya chemba, risasi ya .45 inaruhusiwa shinikizo la psi (pauni kwa kila inchi ya mraba) 21,000, ya milimita 9 psi 35,000, ya .223 psi 55,000, na ya .308 psi 62,000. Viwambo vingi vya bastola ni vya alumini, vyepesi na vya bei nafuu, na havikukusudiwa moto wa bunduki. Kiwambo cha pamoja kinahitaji titani, chuma cha pua, au aloi ngumu kama Inconel, hasa kwenye kikingo cha kwanza kinachopigwa na gesi usoni. Angalia pia urefu wa mtutu. Mtutu mfupi unaitoa gesi ikiwa bado inawaka, pamoja na chembe za baruti zisizomaliza kuungua, na chembe hizo zinakisugua kikingo kama msasa. Watengenezaji wanaandika kwa kila risasi urefu mfupi kabisa wa mtutu wanaoukubali. Mstari huo kwenye kijitabu usomwe kabla ya bei.

Swali la tatu wengi hulikuta wameshanunua: mtutu wa bastola unatembea. Ukitaka kuliona, chukua bastola isiyo na risasi ya aina ya Glock au M1911, zinazofuata ubunifu wa John Browning, kisha ikoki polepole. Mtutu na kile chuma cha juu vinarudi nyuma pamoja kwa milimita chache, halafu kitako cha mtutu kinashuka, kinafunguka, na chuma cha juu kinaendelea peke yake kutoa ganda la risasi. Ni mchezo mwepesi sana. Mtutu ukishaning'inizwa gramu 300 mdomoni haunyanyuki tena kwa wakati wake. Ganda linakwama na bastola inakuwa ya kupiga risasi moja moja.

Dawa yake ni kifaa kidogo chenye pistoni na springi kinachokaa kwenye kitako cha kiwambo. Pistoni inafungwa kwenye mtutu, mwili wa kiwambo unaelea juu ya pistoni. Gesi inapoujaza mkebe, inausukuma mwili mbele, na kwa kitambo kidogo mno mtutu unakuwa kama haukubeba kitu. Unarudi, unashuka, ganda linatoka, springi inaurudisha mkebe mahali pake. Bunduki, ambayo mtutu wake haujongei, haihitaji springi hiyo kabisa. Ukiiacha, mkebe utakuwa unagonga mbele na nyuma kila mlio mpaka kitu kivunjike au kiwambo kipinde. Hapo inawekwa spesa ya chuma badala ya springi, au kitako chote kinabadilishwa. Viwambo vingi vya sasa vina hesi ya nyuma ya kipimo kimoja, 1.375x24, inayoitwa HUB, ili kitako cha bastola kitoke na cha bunduki kiingie. Kabla ya kununua, hakikisha vitako vyote viwili vinapatikana na umeviwekea bajeti, kwa sababu mara nyingi sandukuni kinakuja kimoja.

Kuna madogo mengine. Mkebe mnene unaziba vilengeo vifupi vya bastola, vile vya kulengea shabaha, hivyo utahitaji vilengeo virefu. Kwenye bunduki za aina ya AR-15 gesi inayozuiwa mbele inarudi nyuma hadi usoni kwa mpigaji. Na risasi ndogo za .22 zinaacha uchafu mwingi wa ile metali laini ya risasi, kwa hiyo mkebe usiofunguka usipigiwe nazo.

Mimi ushauri wangu umebadilika. Tangu tarehe 1 Januari 2026 ile kodi ya dola 200 imeshushwa hadi sifuri, ingawa fomu na kibali vimebaki palepale, na majimbo 8, California na New York yakiwemo, bado yanakataza raia kumiliki. Sababu kuu ya kubana vyote kwenye mkebe mmoja imepungua. Mwenye bastola anayokwenda nayo kiwanjani kila wiki na bunduki anayoitoa msimu wa kulungu tu, anunue cha bastola chenye nguvu ya kubeba bunduki hiyo. Anayewinda mwaka mzima anunue cha bunduki, na bastola isubiri ya kwake. Kimoja kwa vyote kinamfaa yule ambaye kweli hana fedha za vya pili, kwa sababu mkebe mmoja wa namna hii bado ni mamia ya dola.

Na jambo moja litazamwe kwa macho mawili. Marekani, mtutu wa .223 na mtutu wa bastola ya milimita 9 mara nyingi vimechongwa hesi ileile, 1/2x28. Maana yake kiwambo cha .223 chenye tundu jembamba kinaingia kwenye mtutu wa milimita 9 vizuri kabisa, kinakaza, kinakaa sawa, na hakuna kitu kitakachokuonya mpaka risasi pana ikigonge kikingo cha kwanza. Wenye viwambo viwili nyumbani wavichore alama za rangi tofauti. Na kila kiwambo kinapobadilishwa silaha, kabla ya risasi ya kwanza, silaha ikiwa tupu, ipitishwe fimbo nyoofu ya kupimia kutoka ndani ya mtutu hadi nje ya mkebe, na uwazi uonekane sawa pande zote za tundu.