Je, wajua kwanini chuo cha masista kinatunza magauni ya zamani?

Ukisikia chuo cha masista wa Kikatoliki akili inaenda kwenye kengele, sala na sare, haiendi kabisa kwenye stoo iliyojaa magauni ya sherehe, kofia, viatu vya kisigino na koseti za kubana kiuno. Lakini chuo hicho kipo, kiko Milwaukee, jimbo la Wisconsin huko Marekani, kinaitwa Mount Mary University, na hifadhi yao ya mitindo ina maelfu ya vitu vya karne ya 19 na ya 20. Sasa watu wanauliza, masista na magauni wapi na wapi?

Hawa ni masista wa shirika la School Sisters of Notre Dame, lilianzia Bavaria kule Ujerumani mwaka 1833, na tangu mwanzo kazi yao ilikuwa moja tu, kusomesha wasichana, hasa wa familia za kawaida. Walifika Milwaukee mwaka 1850. Chuo chenyewe kilianza 1913 katika mji mdogo wa Prairie du Chien pembeni ya mto Mississippi, mwaka 1929 kikahamia Milwaukee, na mwaka 2013 kikapandishwa jina kuwa university. Mwaka 1965 ndo wakaanzisha idara ya ubunifu wa mitindo, na walikuwa kati ya wa mwanzo kabisa Marekani kuifundisha fani hiyo kwa ngazi ya digrii ya miaka minne, wakati huo mahali pengi ushonaji ulikuwa unahesabika kama somo la maarifa ya nyumbani tu.

Na angalia huo mwaka vizuri. Oktoba 1965 Mtaguso wa pili wa Vatikani, yani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki wa dunia nzima, ulitoa hati ya Perfectae Caritatis iliyosema vazi la watawa liwe rahisi, la staha, la kimaskini ila lenye kupendeza, lisidhuru afya na liendane na mahali na wakati. Yani masista dunia nzima walikuwa wanakaa chini kuulizana gauni lifike wapi, kitambaa cha kichwa kibaki au kiondoke, joto la kiangazi tunalivumiliaje na sufu nyeusi. Kwahiyo mtu asiseme masista hawajui habari za mavazi, wale walikuwa wanaijua nguvu ya nguo kuliko wengi wetu, waliivaa nadhiri yao mwilini kila siku.

Sasa kwanini chuo kiwatunzie wanafunzi nguo zenyewe na sio picha tu? Kwa sababu picha inakuonyesha nje, na mwanafunzi wa ushonaji anataka ndani. Ukigeuza gauni la 1890 unakuta bitana ya pamba, vipande vyembamba vya mfupa wa nyangumi au chuma vimeshonewa kwenye mishono ili kiwiliwili kisimame, mkanda wa kiunoni unaofungwa kwanza ndo nje ifuate, na kulabu ndogo ndogo mstari mzima. Unakuta pia mshono umefumuliwa ukatolewa nje kidogo, manake mwenye gauni alinenepa au alikuwa mjamzito, au gauni lilirithiwa na mdogo mtu. Mwanamke huyo pengine hakuandika barua hata moja iliyobaki, ila fundi akiusoma huo mshono anajua kuna kipindi pesa ya gauni jipya haikuwepo.

Halafu nguo inajitaja umri wake. Zipu ya chuma ubavuni inakuambia miaka ya 1930 kuendelea, manake kabla ya hapo zipu ilikuwa ya mabuti na mifuko zaidi kuliko magauni ya kike. Sketi nyembamba isiyo na marinda inaweza kuwa ya wakati wa vita kuu ya pili, mwaka 1942 serikali ya Marekani ilitoa amri iliyojulikana kama L-85 kupunguza kitambaa kwenye nguo za wanawake, hadi upana wa sketi na pindo vikawekewa kipimo. Ukikuta ghafla sketi imekula mita nyingi za kitambaa basi umeshavuka Februari 1947, pale mbunifu wa mitindo Mfaransa Christian Dior alipoonyesha mitindo yake Paris. Nailoni nayo, soksi zake ziliingia madukani Marekani Mei 1940, muda si mrefu nailoni yote ikaenda kwenye maparachuti, na vita vilipoisha wapo maharusi walioolewa na magauni yaliyoshonwa kwa kitambaa cha parachuti. Hata lebo ya chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo za wanawake, kile kilichoanzishwa New York mwaka 1900, inasaidia, manake mchoro wake ulibadilika mara kadhaa na wanaojua wanasoma mwaka humo humo.

Kuna jambo moja linawaumiza sana watunzaji, na mimi ndo lililonivutia kuliko yote. Gauni la pamba la 1850 unaweza kulikuta zima, la hariri la 1900 limechanika vipande vipande na wala hakuna aliyeligusa. Kwanini? Hariri mbichi ina gundi ya asili ya mdudu, ukiichemsha kuitoa hiyo gundi hariri inapoteza kama robo ya uzito wake, na biashara ilikuwa kwa uzito, kwahiyo wenye viwanda wakawa wanailoweka hariri kwenye chumvi za madini, hasa bati na chuma, kufidia ule uzito, na wengine walizidisha mpaka madini yakawa mengi kuliko hariri yenyewe. Mteja alifurahi kwa sababu kitambaa kilikuwa kizito, kinaanguka vizuri, kinatoa ule mlio wa hariri mtu akitembea. Ila yale madini yanaila nyuzi taratibu kutokea ndani, na mwanga unaongeza kasi. Hakuna dawa ya kuirudisha. Kinachowezekana ni kulilaza gauni, kulipunguzia mwanga na kuchelewesha mwisho wake.

Ndo maana utunzaji wa vitu hivi ni kazi ya kujinyima. Joto linawekwa karibu nyuzi 18 hadi 20, unyevu wa hewa karibu asilimia 50, mwanga wa maonyesho hauzidi lux 50, yani hafifu kweli, na gauni likionyeshwa miezi michache linarudishwa gizani. Maboksi na karatasi laini za kujazia mikunjo lazima ziwe hazina asidi, juu linafunikwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa na kisichotiwa rangi, aina ya merikani. Magauni ya shanga ya miaka ya 1920 hayatundikwi hata siku moja, uzito wa shanga unararua mabega, yanalazwa. Nondo, wale wadudu ambao viwavi vyao vinakula sufu, wanaogopwa kuliko mwizi, kwahiyo sufu ikiingia mpya inafungwa kwenye mfuko wa plastiki na kuwekwa friza kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au zaidi kuua mayai na viwavi, bila naftalini, manake ile dawa tuliyoizoea kwenye masanduku ya nyumbani inaweza kuharibu baadhi ya vifungo vya plastiki ya zamani na mvuke wake sio mzuri kwa anayefanya kazi humo. Na nguo ikishaingia hifadhi haivaliwi tena na mtu yeyote, awe mwanamitindo awe nani, jasho la saa moja na mshono mmoja ukikatika hakirudi kitu.

Upande wa pili wa vyuo kama hivi ni kumbukumbu za chuo chenyewe: majoho, pete za kuhitimu, beji, ratiba za mahafali, picha za wasichana kwenye ngazi za jengo. Watu wanaviona vidogo pembeni ya gauni la Paris, mimi sikubaliani. Gauni la Paris unaweza kulikuta makumbusho nyingi, lakini picha ya wanafunzi wa mwaka fulani inaonyesha msichana wa kawaida wa Wisconsin alivaa nini hasa, sketi ilifika wapi, nani alikata nywele na nani alikataa.

Na hapo ndo kuna pengo kubwa la hifadhi nyingi za mavazi. Watu wanaleta magauni ya harusi na ya dansi kwa sababu ndo walioyatunza, ila aproni, gauni la kufulia, sweta lenye kiraka, hivyo vilivaliwa mpaka vikaisha, vikakatwa vikawa matambara ya kupigia deki. Kwahiyo mtu akileta nguo ya kazi iliyochakaa mtunzaji anaweza kuifurahia kuliko hariri, na swali analouliza halihusu bei: nani aliivaa, wapi, mwaka gani, na kama ipo picha yake akiwa ameivaa.