Koboi wa rodeo katika sinema bubu: alikuwa nani hasa?

Koboi wa rodeo, yaani mashindano ya ustadi wa makoboi, aliyeingia sinema bubu ni mtu ambaye ustadi wake ulipimwa kwanza na waamuzi uwanjani: kupanda farasi wakorofi, kunasa ng'ombe kwa kamba, kuangusha maksai kwa mikono mitupu. Ustadi huohuo ndio uliowavutia watengeneza filamu wa Marekani tangu mwaka 1910 hivi hadi kuelekea 1930, kipindi ambacho filamu zilikuwa hazijapata sauti. Hakufundishwa uigizaji. Alichukuliwa kwa sababu ya kile ambacho mwili wake ulikuwa tayari unakijua.

Ni rahisi kumchanganya na wengine waliovaa kofia kama yake. Mchunga ng'ombe wa ranchi alifanya kazi hiyohiyo ya farasi na kamba, lakini kwa mshahara wa mwezi, na hakuna aliyekata tiketi kumtazama. Wasanii wa maonyesho ya Wild West, yaliyoigiza maisha ya makoboi, nao walizunguka mji hadi mji na vituko vilivyopangwa, hata vita vya kuigiza. Halafu kuna waigizaji kamili kama William S. Hart, ambaye aliyafikia mapori ya sinema akitokea kwenye majukwaa ya tamthilia. Tom Mix, ambaye karibu kila mtu humtaja wa kwanza, mimi namweka katikati. Alizaliwa Pennsylvania mwaka 1880, akafanya kazi kwenye 101 Ranch, ranchi ya Oklahoma iliyokuwa na kundi lake la maonyesho, na juu ya farasi alikuwa hodari kwelikweli. Lakini sehemu kubwa ya historia iliyotangazwa kumhusu, vikiwemo vita alivyodaiwa kupigana, ilitungwa ili kuuza filamu.

Kwa nini watengeneza filamu waliwahitaji watu hawa? Kwanza, filamu bubu haina sauti ya kumbeba mwigizaji. Maneno yalikuja kwa maandishi machache kati ya picha, na yaliyobaki yote yalisemwa na viungo: namna mtu anavyorukia tandiko, anavyovuta hatamu, anavyoanguka. Pili, hila za kamera zilikuwa chache. Ukitaka mtu aonekane akiruka kutoka farasi mmoja hadi mwingine, ilibidi awepo mtu anayeweza kuruka. Tatu, watu wenyewe walikuwa karibu. Mwishoni mwa mwaka 1911, kundi la maonyesho la 101 Ranch lilikuwa Venice, California, likisubiri majira ya baridi yapite. Mtengeneza filamu Thomas Ince akalikodi zima: makoboi, Wenyeji Asilia wa Marekani, farasi na mifugo yao. Hoot Gibson, kijana wa Nebraska, alianza kuonekana kwenye filamu mwaka 1910, na miaka miwili baadaye akatwaa ubingwa wa jumla kwenye Pendleton Round-Up, rodeo kubwa ya Oregon. Hakuona haja ya kuchagua kimoja. Msimu wa mashindano ukiisha, kamera ilikuwa inamsubiri, na katika miaka ya 1920 akawa miongoni mwa masteringi wakubwa kabisa wa filamu za makoboi.

Anayeeleza dhana hii vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Yakima Canutt. Jina lake halisi ni Enos Edward Canutt, aliyezaliwa mwaka 1895 karibu na Colfax, jimbo la Washington. Alikuwa bingwa wa jumla Pendleton mwaka 1917, 1919, 1920 na 1923. Alipoingia kwenye filamu bubu hakupata shida yoyote, maana kazi aliyotakiwa kuifanya ndiyo iliyomletea mataji. Ila alikuwa na kasoro moja ambayo filamu bubu iliificha. Alipokuwa katika jeshi la majini aliugua mafua makali ya wakati ule, na sauti yake ikaharibika.

Filamu za maongezi zilipoanza kushika soko baada ya mwaka 1927, kasoro hiyo ikafunga mlango. Na si kwake tu. Vinasa sauti vya mwanzo vilikuwa vizito na havikupenda upepo wa nje, kwa hiyo filamu za porini zikayumba kwa muda. Ziliporudi, steringi alitakiwa kuzungumza vizuri, na kufikia katikati ya miaka ya 1930 Gene Autry na wenzake walikuwa wanaimba wakiwa na gitaa. Art Acord, mshindani mashuhuri wa kuangusha maksai aliyekuwa na jina kubwa enzi ya kimya, alifariki Mexico mwaka 1931 akiwa ameshasahauliwa na watu wa sinema.

Canutt yeye aliacha nafasi ya steringi bila kuondoka kwenye kazi. Akawa mtu anayeanguka kwa niaba ya steringi. Katika filamu ya Stagecoach ya mwaka 1939 yumo kwenye tukio ambalo bado hufundishwa kwa wanaosomea kazi hii. Anarukia farasi wa mbele wanaovuta gari kwa kasi, anapigwa risasi, anadondoka katikati yao, anaburuzwa ardhini akiwa ameshika mti wa gari, kisha anaachia na gari zima linapita juu yake, yeye akiwa amelala kati ya magurudumu. Usalama wake ulitegemea kulala amenyooka na farasi kwenda moja kwa moja bila kuyumba. Alibuni pia rikabu iliyo wazi upande mmoja, ili mguu uchomoke mtu anapoanguka badala ya kunasa na kumburuza. Mwaka 1959 ndiye aliyeandaa mbio za magari ya farasi katika filamu ya Ben-Hur, na mwanawe Joe ndiye anayeonekana akirushwa juu ya gari lake na kung'ang'ania.

Lazima isemwe pia kwamba farasi walilipia sehemu kubwa ya umaarufu huu. Ili farasi aanguke mbele ya kamera, alifungwa waya miguu ya mbele na ncha nyingine ikashikizwa ardhini. Akifika mwisho wa waya kwa kasi, miguu inavutwa na anapinduka. Wengi waliumia na wengine kufa. Usimamizi wa American Humane Association, shirika la kulinda wanyama, kwenye filamu ulianza mwaka 1940 tu.

Tusidhani pia kwamba koboi wa aina hii alikuwa mzungu daima. Bill Pickett, Mmarekani mweusi wa Texas aliyezaliwa baada ya utumwa kukomeshwa, ndiye aliyeupa rodeo mchezo wa kuangusha maksai. Mpanda farasi anamkimbiza maksai hadi wawe sambamba, anajirusha kutoka kwenye tandiko, anashika pembe, anakita visigino ardhini na kuipinda shingo mpaka mnyama alale. Pickett aliongeza lake: alimuuma maksai mdomo wa juu kwa meno, kama alivyowaona mbwa wa kuchungia ng'ombe wakifanya. Mashindano mengi yalimfungia nje kwa rangi yake, ndiyo maana jina lake lilikua kupitia maonyesho ya 101 Ranch. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Richard Norman wa Florida, aliyetengeneza filamu kwa ajili ya watazamaji weusi, alimpiga picha kwenye The Bull-Dogger. Pickett alifariki mwaka 1932 baada ya kupigwa teke na farasi.

Wanawake walikuwepo vilevile. Helen Gibson, mke wa Hoot kwa miaka kadhaa, alianzia kwenye farasi wa 101 Ranch, na mwaka 1915 kwenye filamu alikuwa akiruka kutoka paa la stesheni hadi juu ya treni inayokwenda.

Filamu nyingi za kipindi hicho zimepotea. Hata The Bull-Dogger imebaki vipande tu. Ukipata iliyobaki, usitazame uso wa steringi, tazama mahali picha inapokatwa. Kama anapanda, anakimbia na kuanguka katika picha moja isiyokatika, na akiinuka uso ni uleule, basi huenda aliyefanya hayo amewahi kusimama mbele ya waamuzi wa rodeo.